Sitara ya Msanii: Mhadhara juu ya Mahaba, Nafsi na Simu ya Mkononi



Jambo ninalokusudia kulinena mbele yenu lina uzito wa aina mbili. Kwanza lahusu mahaba, ambayo aghalabu ya watu huyaishi na wachache huthubutu kuyataja hadharani. Na pili lahusu wasanii wa mji huu huu wetu wa Nairobi, ambao kazi zao zimepata kutuzwa katika miji ya mbali na kupigwa marufuku hapa zilikozaliwa, na kulaaniwa na watu ambao hawakupata hata mara moja kuzitazama. Sikuja kuwashtaki wasanii hao, wala sikuja kuwavika taji. Nimekuja kutafuta pamoja nanyi jawabu la swali moja, nalo ni hili: msanii atakaye kuonyesha siri ya moyo wa mtu, hasa katika zama hizi ambazo siri husafiri kwa simu kutoka mkono hata mkono, aionyesheje pasipo kumvunjia mwenye siri murua wake? Nami nitadai, kwa ushahidi wa kazi zenyewe, kwamba walio bora miongoni mwao ni wale waliojua kusitiri, na kwamba sitara yao iliwapa nafasi ya kusema kweli ambayo wapayukaji hawakuifikia.

Tuanze na mahali, yaani mitaa ya Kibera na Kawangware. Kibera ilianza kuwa maskani ya askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, nao walikaa humo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, msitu ulipokuwa bado msitu. Kawangware nayo imekaa magharibi ya Nairobi, imepakana na nyua pana za Lavington, ikitengwa nazo kwa barabara na kwa kipato. Mitaa hii miwili haikufanana kwa asili yake, lakini imefanana kwa chumba. Chumba ninachokisema ni kile cha futi kumi kwa kumi, chenye ukuta wa udongo au wa mabati, ambamo baba, mama na watoto hulala wakitengwa na pazia, na ambamo jirani akipiga chafya usiku huombewa afya na mtu asiyeinuka kitandani pake. Mwenye nyumba ya Lavington akitaka kusema na mpenzi wake hufunga mlango. Mwenziwe wa Gatwekera kule Kibera, au wa Gatina kule Kawangware, hana mlango wa pili wa kuufunga. Yeye mahaba yake huyapeleka njiani, au kwenye kituo cha matatu, au katika chumba cha kuazima kwa saa mbili, na kila mahali humo yuko mtu amjuaye mamake.

Ndipo ilipokuja simu. Mwaka 2007 Safaricom walipoanzisha M-Pesa, simu iligeuka mkoba. Na baadaye, simu zenye intaneti ziliposhuka bei na bando likauzwa kwa shilingi chache, iligeuka chumba cha yule asiye na chumba. Humo kijana hujitambulisha kwa jina alilojichagulia, huweka picha ya ua au ya mchezaji wa mpira mahali pa uso wake, hutongoza na kutongozwa, hujuana na mtu wa Mombasa au wa Toronto ambaye huenda wasikutane kamwe, na vidole vyake hupata ujasiri ambao ulimi wake haujapata kuupata mbele ya watu. Msichana aliyelala baina ya nduguze wawili huweza, kwa mwanga mdogo ulio chini ya blanketi, kuwa na maisha ambayo nduguze hawayajui. Lakini chumba hicho hakina komeo. Apokeaye picha huweza kuiweka; apokeaye maneno huweza kuyapiga skrinshoti na kuyarusha katika kundi zima; simu ikienda kwa fundi huenda na yote yaliyomo; na wako matapeli wajifanyao wapenzi, wakamwita mtu nyumbani, wakamnyang'anya alicho nacho, kisha wakamtisha kwamba asipotuma pesa watamfichua kwa mzazi na kwa mwajiri. Kwa mtu apendaye wa jinsia yake, ambaye mapenzi yake yamekatazwa na sheria, hatari hiyo ni maradufu, kwa kuwa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, tulivyorithi kwa Waingereza, humfanya aliyedhulumiwa aogope kituo cha polisi kuliko amwogopavyo aliyemdhulumu.

Msidhani kwamba msanii wa Kiswahili hakupata kukabiliwa na mashaka ya namna hii kabla ya leo. Kuta za Mji wa Kale wa Mombasa ni nene kuliko mabati, lakini macho ya mtaa ni yale yale, na watu wa pwani walilazimika tangu zamani kubuni ufundi wa kusema bila ya kutaja. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na jina hilo humfikia aliyekusudiwa huku wapita njia wakiona nguo tu. Asiye na hatia halimgusi, na mwenye hatia hawezi kulalamika asije akajitambulisha. Pale Mombasa nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa mwaka 1887, na ambayo watu huijua kwa jina la Abdulla, imeyauza maneno hayo kwa vizazi kadha wa kadha. Taarabu nayo ilifanya kwa sauti yale yaliyofanywa na kanga kwa wino. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 akatiwa sauti katika sahani za santuri, alikuwa fundi wa mahaba yanayosemwa kwa fumbo, na kulifumbua fumbo ikawa kazi ya msikilizaji mwenyewe. Hii ndiyo mirathi ya kila asanifuye juu ya mapenzi katika lugha yetu, ajue au asijue.

Sasa na tutazame walivyoitumia mirathi hiyo wasanii wa Nairobi, ambao wengi wao hawakukulia pwani. Mwaka 2013 jamii ya wasanii iitwayo The Nest Collective ilianza kukusanya, kwa kinasa sauti, simulizi za Wakenya wapendao watu wa jinsia yao na za wale ambao jinsia waliyotajiwa walipozaliwa haiwaelezi. Simulizi zikapita 250, zikatoka pande mbalimbali za nchi, na wenye kuzisimulia hawakutajwa kwa majina. Kutokana na hazina hiyo Jim Chuchu akaongoza filamu tano fupi, zilizoungwa zikawa moja yenye urefu wa kama saa moja, iitwayo Stories of Our Lives. Ndani yake yumo msichana wa shule aliyempenda msichana mwenziwe. Yumo kijana ambaye rafikiye anagundua kwamba ameingia katika baa asiyotarajiwa kuingia. Wamo vibarua wawili wa shamba, mmoja ana la moyoni na mwenziwe hana. Yumo mtu aliyeajiri mgeni katika chumba cha hoteli ili apate kujijua. Na yumo mwanamke anayeota namna ya kutoroka siku watu watakapokuja kumfukuza. Visa ni vya kawaida, na ukawaida huo ndio uliowatisha wengi.

Lakini ninalotaka mlizingatie zaidi ni ufundi wake. Chuchu angeweza kuwaketisha wasimulizi wenyewe mbele ya kamera, na filamu ingeuzwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ulimwengu una uchu wa kuutazama uso wa mtu aliye hatarini, akachagua waigizaji. Angeweza kupiga picha zenye rangi zote za mji wetu; akachagua nyeusi na nyeupe, ambayo humwondolea mtazamaji mengi ya kumtambulisha mahali, ikamwachia nyuso, mikono na kimya. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2014, haikubeba majina ya waliotengeneza. Kule ndiko Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi walikojitaja kwa hiari yao, na wengine wote wakaachwa katika sitara. Tazameni basi utaratibu wake: aliyebeba jukumu alijifunua mwenyewe, na aliyetoa amana alibaki amefunikwa. Wala kujifunua huko hakukuwa bure. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga kazi hiyo marufuku, na mwezi wa Oktoba Gachara akakamatwa na kushtakiwa kwa kutengeneza filamu bila ya kibali, mashtaka ambayo baadaye yaliondolewa. Mwezi Februari 2015 waamuzi wa tuzo ya Teddy huko Berlin waliitunukia. Na hapa nyumbani wale waliotoa simulizi zao hawakuwa na ukumbi wa kwenda kujitazama.

Mwaka ule ule wa 2014 Ato Malinda, msanii Mkenya atumiaye mwili wake mwenyewe kuwa chombo cha sanaa, alitunga kazi aliyoiita kwa Kiswahili Mshoga Mpya. Ndani ya kibanda aliingia mtazamaji mmoja, mmoja tu kwa wakati wake, na msanii, uso wake ukiwa umepakwa rangi, akamsimulia ana kwa ana mambo yaliyowapata watu wa Nairobi. Sijui kazi nyingine iliyoufahamu ugonjwa wa simu zetu kwa uketo kama huu. Kwani picha inayorushwa katika kundi lenye watu mia hutazamwa na wote na haimwajibishi yeyote. Kila mmoja husema yeye hakuituma, aliipokea tu. Lakini mtu aliyeketishwa peke yake mbele ya msimulizi hana wa kumsukumia lawama: amesikia, na msimulizi amemwona akisikia. Malinda alirudisha katika mahaba kile ambacho mtandao umekiondoa, yaani shahidi aliye na uso. Rangi ikamsitiri mwenye kisa, na upweke ukamfunua asikilizaye.

Kawira Mwirichia yeye aliishika kanga yenyewe. Aliazimia kusanifu kanga kwa ajili ya kila nchi ya dunia, kila moja ikiadhimisha mapenzi na mapambano ya wapendanao wa jinsia moja wa nchi ile, na akaegemeza kazi yake juu ya desturi ya kumtandikia bibi harusi kanga chini apite juu yake. Maonyesho yake ya mwaka 2017 hapa Nairobi yaliitwa To Revolutionary Type Love. Hapa hukumu yangu ni ya pande mbili. Kanga ya jadi husema na mmoja ikiwa imejificha mbele ya wengi; kanga za Mwirichia ziliwasemesha watu wote kwa pamoja, kwa hiyo fumbo ndani yake limekwisha fumbuliwa, na mtazamaji hana kazi ya kufanya ila kukubali au kukataa. Lakini kwa upande wa pili, nguo ile haikumtaja mtu mmoja wa Kibera wala wa Kawangware. Ilimtandikia njia ya heshima mtu ambaye hajatandikiwa na wajomba zake, ikamwacha apite bila ya kuulizwa jina. Hiyo nayo ni sitara, na labda ndiyo iliyohitajiwa zaidi.

Yuko atakayenijibu kwa methali, na methali yake ni nzito: mficha uchi hazai. Atasema kwamba ugonjwa usiotajwa haupati dawa, kwamba dhuluma hupenda giza, na kwamba kuwasifu wasanii kwa kusitiri ni kuwafundisha watu wetu kuendelea kujificha. Ataleta ushahidi wa Binyavanga Wainaina, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002 na mwasisi wa jarida la Kwani?, ambaye Januari 2014 aliandika maneno ya kumwambia mamake, aliyekwisha kufariki dunia, kwamba yeye hupenda wanaume, akayatoa katika intaneti yasomwe na kila ajuaye kusoma. Naikubali methali, na ushahidi nauheshimu. Lakini ushahidi huo waniunga mkono mimi. Siri aliyoitoa Wainaina ilikuwa yake mwenyewe. Hakuitoa siri ya mpenzi wake, wala ya jirani, wala ya kijana aliyemwamini usiku mmoja. Alifariki tarehe 21 Mei 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kuvitengua vile vifungu nilivyovitaja. Hivyo aliishi na kufa chini ya sheria aliyoikaidi kwa jina lake mwenyewe, bila ya kumkokota mtu mwingine kizimbani.

Kwa hiyo ni lazima tutenge mambo ambayo watu huyachanganya. Kusitiri ni tendo la mwenye siri au la aliyeaminiwa nayo, na ufunguo wake uko mkononi mwa mwenyewe: akitaka leo hufunga, akitaka kesho hufungua. Kunyamazishwa ni tendo la mwenye nguvu, na ufunguo wake uko ofisini. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, na ambayo ndiyo ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku hapa kwa kisa cha wasichana wawili wapendanao. Na mwongozaji ameeleza kwamba aliambiwa abadilishe mwisho wake, kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mwezi Septemba Jaji Wilfrida Okwany akairuhusu kwa siku saba. Ikaonyeshwa katika sinema ya Prestige, kwenye Barabara ya Ngong, mahali ambapo mtu wa Kibera hufika kwa miguu na mtu wa Kawangware hufika kwa matatu moja, na watu wakajaza viti. Watazamaji hao walikuwa watu wazima walioketi kwa adabu kutazama, wakaondoka, na mji ukabaki pale pale ulipokuwa. Tena marufuku ya siku hizi haina hata faida inayodaiwa, maana kinachozuiwa sinema huhamia katika simu: mwaka 2016 bodi hiyo hiyo iliitaka Google iuondoe katika YouTube wimbo mmoja wa Nairobi uliotetea mapenzi ya jinsia moja, Google haikukubali, na wengi waliokuwa hawajausikia wakautafuta.

Kama kunyamazisha ni kosa la wakubwa, kuanika ni kosa letu sisi wadogo, na katika mitaa yetu ndilo lililo karibu zaidi. Kibera imepigwa picha na wageni kuliko pengine mtaa wowote wa Afrika ya Mashariki. Mtoto wa Kibera hujua kamera kabla ya kujua kalamu. Ni haki kukiri kwamba si kila mgeni alikuja kuanika. Januari 2009 JR, msanii wa Ufaransa, alitandaza juu ya mapaa ya Kibera picha za macho na nyuso za wanawake wa hapo, zikaenea mita za mraba 2,000, na nyingine akazibandika ubavuni mwa magari ya treni, ili treni ikipita kwenye reli, nusu ya juu ya uso ikutane na nusu ya chini iliyowekwa mtelemkoni. Nyuso zilionekana waziwazi, kwa ridhaa ya wenyewe. Na juu ya mapaa picha zilichapwa kwa turubai lisilopitisha maji, zikawakinga wenye nyumba na mvua. Picha iliyomwonyesha mwanamke kwa ulimwengu ilimsitiri pia mvua ilipokunya, na naona hiyo ni kanuni ya kutosha kwa kila anayeshika kamera mitaani mwetu: ukimfunua mtu, mwachie kitu cha kujifunika.

Na wasanii wa Kibera wenyewe hawakungoja kufundishwa. Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakichora vibao vya maduka, walianzisha kundi la Maasai Mbili mwaka 2001, na tangu hapo studio yao imewafungulia mlango wachoraji wa mtaa ambao darasa lao la kwanza lilikuwa kibao cha kinyozi na cha hoteli. Kibao hicho chafundisha somo kubwa: mchoraji humchora mteja asiye mtu fulani, na kila apitaye hujiona. Nyinyi vijana wa leo mna chombo chepesi kuliko brashi. Mnatengeneza video fupi, mnaigiza visa vya mapenzi ya simuni, mnachekesha kwa usaliti na kwa wivu, na mna watazamaji kuliko magazeti. Basi kisa ulichokisikia kwa rafiki yako kibadilishe jina, kibadilishe mtaa, kibadilishe hata jinsia ikibidi, mpaka rafiki huyo akikitazama acheke pamoja na wengine bila ya moyo wake kushtuka. Usipoweza kufanya hivyo, kazi yako haijaiva, irudishe jikoni.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeviweka karibu vitu hivi viwili: ibara ya 31 yalinda faragha ya mtu, na ibara ya 33 yalinda uhuru wa kubuni sanaa. Anayeitaka moja aikanyage nyingine hajaisoma yoyote. Na kwa wale ambao nasaha haiwatoshi, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, katika kifungu cha 37, inamwandalia asambazaye picha za siri za mwenziwe faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Nawasihi wenye mamlaka waache kuifunga midomo ya wasanii ambao wametunza siri za watu kuliko serikali ilivyozitunza. Nawasihi wazazi wa Kibera na Kawangware wasiipekue simu ya mtoto aliye mtu mzima, kwa maana huenda ndicho chumba pekee alicho nacho. Na nyinyi wasanii, kabla ya kuutoa uso wa mtu kwa ulimwengu, mwulizeni mwenyewe. Akikataa, sanaa yenu haijapungukiwa na kitu, na mkiendelea bila ya ridhaa yake mtakuwa mmeiba, hata mkituzwa Berlin.